Loji za Mto Nile na Wajibu wa Mwenye Silaha

Msafiri atokaye Arua Hill kwenda Kampala hupita Nebbi, akateremka hadi Pakwach, kisha akavuka daraja la Mto Nile. Akishavuka tu, upande wake wa kulia huanza nchi ya wanyama, na mara nyingi ndovu huonekana wakila kando ya lami bila kujali magari. Hiyo ndiyo Mbuga ya Taifa ya Maporomoko ya Murchison, iliyo kubwa kuliko mbuga zote za Uganda, yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 3,800.

Ndani ya mbuga hiyo zipo nyumba mbili za wageni ambazo historia yake yatuhusu sisi tuvaao sare kuliko tunavyodhani. Ya kwanza ni loji ya Paraa, ng'ambo ya kaskazini ya mto, mahali ambapo jina lake katika lugha ya Kiluo lina maana ya makao ya viboko. Ya pili ni loji kuu ya Pakuba, magharibi zaidi, ikiutazama Mto Nile unaotoka Ziwa Albert kuelekea kwetu West Nile. Paraa leo hupokea wageni kutoka pembe zote za dunia. Pakuba ya zamani ni gofu. Kuta zake za saruji zimesimama, lakini milango, madirisha na samani havipo, na mahali walipolala wageni wa taifa sasa hulala chui na ngiri.

Zote mbili zilikuwa mali ya umma katika mbuga moja, nazo zilipitiwa na misukosuko ile ile. Yafaa tuulize kwa nini yalitokea yaliyotokea, maana swali hili si la zamani tu. Tangu mwaka 2023 visima vya mafuta vimekuwa vikichimbwa ndani ya mbuga hiyo. Barabara za lami zimeingia mpaka katikati yake, na pale Paraa daraja limejengwa mahali ambapo kwa miaka mingi watu walivushwa kwa kivuko. Mali iliyomo imeongezeka thamani maradufu, na walinzi wake ni sisi.

MWANZO WA MBUGA NA LOJI ZAKE

Mwaka 1864 Mwingereza Samuel Baker pamoja na mkewe Florence waliyaona maporomoko yale, ambapo Mto Nile wote hulazimishwa kupenya katika ufa mwembamba wa mwamba. Akayapa jina la Sir Roderick Murchison, aliyekuwa mkuu wa chama cha wanajiografia huko London. Wenyeji walikuwa wakiyajua maporomoko hayo tangu enzi za mababu, wala hawakungoja mgeni kuja kuyagundua.

Nchi hiyo haikuwa tupu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi sana kando ya Nile na maziwa, na serikali ya kikoloni ikawahamisha wakazi waliosalia. Palipobaki bila watu, wanyama wakaongezeka, na mnamo mwaka 1910 sehemu ya kusini ya mto ikatangazwa kuwa hifadhi. Mwaka 1952 ikawa mbuga ya taifa. Hatuna budi kuyasema haya waziwazi, kwa sababu wazee wa Pakwach na wa Bunyoro hawakuyasahau. Mbuga ilianza kwa watu kuondoka katika ardhi yao.

Mwaka 1954 loji ya Paraa ikaanza kazi. Mwaka huo huo, mwezi Januari, mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway aliangukia karibu na maporomoko baada ya ndege yake kugonga waya wa simu. Akaokolewa kwa mashua mpaka Butiaba, na ndege ya pili iliyotumwa kumchukua ikawaka moto pale pale. Magazeti ya dunia yalitangaza kwamba amekufa, naye akayasoma akiwa hai. Habari kama hiyo, pamoja na filamu ya mwaka 1951 iliyopigwa sehemu fulani katika maji hayo, zilifanya jina la Murchison lijulikane mbali. Mwaka 1959 Mama wa Malkia wa Uingereza naye akaja kuyatazama maporomoko.

Baada ya uhuru loji hizo zilikuwa mali ya Waganda. Kampuni ya serikali ya mahoteli iliziendesha Paraa, na Chobe iliyo upande wa Karuma, na nyinginezo nchini. Mwaka 1971 watalii waliofika Uganda walizidi 80,000, na utalii ukahesabiwa pamoja na kahawa na pamba miongoni mwa vitu vilivyoiletea nchi fedha za kigeni. Katika miaka hiyo ya 1970 serikali ya Rais Idi Amin, ambaye asili ya ukoo wake ni Koboko, ikaibadili mbuga jina na kuiita Kabalega, kwa heshima ya Omukama wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza kwa miaka mingi, akakamatwa huko Lango mwaka 1899 pamoja na Kabaka Mwanga. Loji kuu ya Pakuba nayo ikasimamishwa katika kipindi hicho, nyumba ya fahari ambayo Rais mwenyewe aliitumia.

Lakini wakati nyumba zikipambwa, nguzo zake zilikuwa zikikatwa. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa, na pamoja nao wakaondoka wengi wa wafanyabiashara waliokuwa wakiagiza vifaa na kuendesha magari ya watalii. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mipaka ikafungwa, na mgeni aliyezoea kutoka Nairobi kuja Paraa akakosa njia. Kabla ya vita kufika, wageni walikwisha kupungua.

VITA NA MATOKEO YAKE

Mwezi Aprili 1979 Kampala ilianguka. Mwanzoni mwa Juni majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni yalipita Arua na Koboko, yakafika mpaka wa Sudan, na vita vikaisha. Kwa kanuni za kijeshi ushindi ulikuwa kamili. Lakini ushindi una siku ya pili yake, na siku ya pili ndiyo inayompima askari.

Katika chuo cha makadeti hufundishwa kwamba kituo kikishatwaliwa, kazi ya kwanza ya kamanda si kushangilia. Kazi yake ni kupanga ulinzi wa kituo, kuweka zamu, kuhesabu vilivyomo na kuviandika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapana mahali palipothibitisha methali hiyo kama mbuga za Uganda katika miaka ile. Jeshi moja lilikuwa likikimbia, jingine likipita, la tatu likiundwa kwa haraka. Loji na maghala ya mbuga hayakuwa na mlinzi mwenye amri kamili. Aliyetaka kitanda alichukua kitanda, na aliyetaka mabati au bomba alichukua. Anayezitazama kuta za Pakuba leo hahitaji kuambiwa kwamba hazikubomolewa kwa mizinga. Nyumba ile iliondolewa kipande kwa kipande, kwa mikono ya watu.

Wanyama nao walipata hasara iliyo kubwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndovu wa Murchison walihesabiwa kwa maelfu, kupita elfu kumi. Katikati ya miaka ya 1990 walikuwa wamesalia mamia machache. Wawindaji haramu wa vijijini kwa mishale na mitego yao wasingeweza kuwamaliza ndovu kwa kasi hiyo. Bunduki za kijeshi ndizo zilizofanya kazi hiyo, mikononi mwa askari wa pande mbalimbali na wa serikali mbalimbali, pamoja na wale walioziokota au kuzinunua kwa askari. Hili limeandikwa mara nyingi, na si haki sisi wanajeshi kulipita kimya kwa kuwa lilitendwa na waliotutangulia.

Kwa sisi tulioko West Nile kuna habari moja inayouma zaidi. Kifaru mweupe wa kaskazini alikuwa mnyama wa kwetu. Rhino Camp ilipata jina lake kwa ajili yake, na mwaka 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza kipindi chake cha urais wa Marekani, alipiga kambi ukingo wa magharibi wa Nile ili kumwinda. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vifaru walipokuwa wakiuawa sana huku, baadhi yao walikamatwa wakavushwa mto na kupelekwa katika mbuga ya Murchison ili wapate usalama. Walikuwa amana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakuwa na kifaru hata mmoja porini katika Uganda nzima. Mwaka 2018 dume la mwisho la aina hiyo lilipokufa nchini Kenya, walisalia duniani majike wawili tu. Vifaru wanaoonekana leo katika hifadhi ya Ziwa huko Nakasongola, iliyoanza kupokea wanyama hao mwaka 2005, ni wa aina ya kusini. Yule wa kwetu hatarudi kwa kununuliwa.

Mkono ule ule uliong'oa milango ya loji haukuishia mbugani. Mwezi Oktoba 1980 askari wa zamani waliokuwa ng'ambo ya mpaka walishambulia Koboko na Arua. Jeshi la UNLA liliporudi, lililipiza kisasi kwa raia. Mji wa Arua ukaporwa na kuchomwa, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci, kilomita chache tu kutoka Arua, waliuawa kwa risasi. Hatulinganishi uhai wa binadamu na kitanda cha hoteli. Tunasema kwamba askari aachwaye apore kijiko leo bila kuulizwa, kesho atapora duka, na keshokutwa hatamwona mwenye duka kuwa ni mtu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na West Nile ililazimika kujenga kuta nyingi.

PARAA YAAMKA

Katika miaka ya 1980 Paraa nayo iliharibiwa na kuachwa. Mwaka 1996 idara mbili za zamani, ya mbuga na ya wanyama, ziliunganishwa ikazaliwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Mwaka 1997 Paraa ikafunguliwa upya na kampuni ya jamii ya Madhvani, wale wenye sukari ya Kakira, ambao walikuwa miongoni mwa waliofukuzwa mwaka 1972. Tangu ilipoanguka serikali ya mwaka 1979 mpaka siku loji hiyo ilipofunguliwa tena ilipita miaka 18. Mtoto aliyezaliwa siku ya ukombozi wa Kampala alikuwa amefikia umri wa kupiga kura.

Wengine husema fedha ndizo zilizoiokoa Paraa. Ni kweli kwamba bila fedha hapawekwi paa, lakini historia ya miaka iliyofuata yaonyesha kwamba fedha peke yake haikutosha. Loji ilipofunguliwa, waasi wa LRA walikuwa bado wakizunguka kaskazini. Barabara ya Karuma mpaka Pakwach ilikuwa tishio kwa kila mtu wa West Nile. Magari ya Arua yalikwenda kwa msafara yakisindikizwa na jeshi, na wengi hawakufika. Mwezi Machi 2001 waasi waliwashambulia wanafunzi waliokuwa katika ziara ya masomo ndani ya mbuga, wakaua watu wapatao kumi. Nyumba ilikuwa na vitanda vipya na paa jipya, lakini mgeni aliogopa kuja.

Mambo yalibadilika kwa kazi ya ulinzi na kwa mazungumzo pia. Huku kwetu, uasi wa West Nile Bank Front ulikwisha kuvunjwa nguvu mwaka 1997, na mkesha wa Krismasi wa mwaka 2002 serikali ilitia sahihi mkataba wa amani na UNRF II huko Yumbe. Mwaka 2006 mazungumzo ya Juba yalianza, na LRA ikatoka katika ardhi ya Uganda. Hapo ndipo wageni walipoongezeka, barabara ya Karuma ikawa ya kawaida, na ndovu wakaanza kuzaana kwa amani. Katika muongo wa 2010 Chobe nayo ilifunguliwa upya, na loji mpya yenye jina la Pakuba ikafunguliwa karibu na gofu la zamani. Gofu lenyewe liliachwa, na wageni hulipa fedha kupelekwa kutazama chui juu ya ukuta ambao zamani ulikuwa wa chumba cha kulala.

SWALI LA ASKARI

Tunajua lipo swali ambalo askari huuliza kimoyomoyo. Loji ile yanihusu nini mimi? Mshahara wangu wa mwezi haunitoshi kulala siku chache pale. Wenye nayo ni matajiri, na wanaolala humo ni Wazungu. Nimesimama juani nikilinda starehe ya mtu mwingine.

Swali hili si la utovu wa nidhamu, na kamanda asilijibu kwa ukali. Majibu yake ni matatu. La kwanza, kwa mujibu wa sheria sehemu ya 20 kwa mia ya ada ya kuingia mbugani hurudishwa kwa wananchi wanaopakana nayo, wakiwemo jirani zetu wa upande wa Pakwach. Zahanati au madarasa yajengwayo kwa fedha hizo huwasomesha na kuwatibu watoto ambao baadhi ni wa askari. Iwapo wananchi hawazioni fedha hizo, wana haki ya kuuliza, na majibu yatatoka katika hesabu. La pili, fedha za kigeni zinazoingia kwa mtalii ni sehemu ya hazina ile ile inayonunua dawa za hospitali na kulipa mishahara ya watumishi wa serikali, nasi tukiwa miongoni mwao.

La tatu ndilo kubwa. Adui anaijua thamani ya mgeni hata kama sisi twaisahau. Mwezi Oktoba 2023 waasi wa ADF waliwaua watalii wawili waliokuwa katika fungate pamoja na Mganda aliyekuwa akiwaongoza, katika mbuga ya Queen Elizabeth. Waliouawa walikuwa watatu, lakini habari ilisomwa na mamilioni, na kila aliyeisoma aliihesabu Uganda yote, Arua ikiwemo, kuwa nchi ya hatari. Risasi moja katika barabara ya mbuga hufika mbali kuliko risasi nyingine. Kwa hiyo askari na polisi wa doria wanaosimama pale Tangi au Paraa hawalindi starehe ya mtu, bali wanalinda sifa ya Jamhuri.

YATUPASAYO SASA

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019 imeongeza adhabu hadi kifungo cha maisha kwa makosa juu ya wanyama walio hatarini kutoweka, na mwaka 2022 mahakama ilitoa adhabu hiyo kwa mtu aliyepatikana na pembe za ndovu. Sheria ipo. Kinachobaki ni mwenendo wetu.

Afisa akabidhiwapo nyumba, kambi, gari au kituo chochote cha umma, na aandike kila kilichomo, atie sahihi, na amrithishe mwenzake daftari hilo hilo. Askari wa zamu barabarani na asipokee nyama ya porini hata kama zawadi, kwa sababu zawadi ya leo ndiyo njia ya pembe ya kesho. Polisi anayekagua magari katika daraja la Pakwach na ajue kwamba pembe haitoki mbugani kwa miguu yake, bali hupita mbele ya mtu mwenye sare. Na mahali ambapo visima vya mafuta vinachimbwa, magari mengi na wageni wengi wa kazi wanaingia, ukaguzi usilegezwe kwa kuwa gari lina nembo ya kampuni kubwa.

Tena tusiwafanye wananchi wanaoishi kando ya mbuga kuwa adui. Mkulima ambaye mihogo yake imeliwa na ndovu usiku mmoja ana uchungu wa haki. Akija kituoni, na apokewe kwa heshima ipasayo mzazi, malalamiko yake yaandikwe, na apelekwe kwa wahusika. Sheria hiyo hiyo ya mwaka 2019 imeweka mpango wa fidia kwa hasara iletwayo na wanyama. Taarifa iliyoandikwa vizuri na konstebo ndiyo mwanzo wa fidia hiyo, na mzee aliyetendewa haki ndiye atakayekuwa wa kwanza kutuarifu siku mtu mgeni atakapopita kijijini na bunduki.

Wapo wanaosema gofu la Pakuba libomolewe kwa kuwa linaaibisha. Rai yetu ni kwamba libaki. Makuruta wanaopita Pakwach wakienda vikosini na wapewe nafasi ya kulitazama, na mkufunzi awaonyeshe mahali milango ilipokuwa, awaulize ni nani aliyeichukua. Hawatajua jina lake, ila watafahamu kwamba alikuwa mtu mwenye bunduki ambaye hakuwa na kamanda, au aliyekuwa na kamanda asiyeuliza.